Tuliikataa "Tokooos" hapa Mitwaba, kumbe shida ilikuwa bafle yangu

Leo siandiki habari ya barabara, wala bei ya unga, wala kamiyo zilizokwama kwenye matope. Naandika habari ya muziki, na mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba ni habari ya nyumbani kwetu pia.

Juma lililopita nilikuwa nimekaa karibu na soko. Vijana wawili walikuwa wanabishana juu ya RJ Kanierra, yule mtoto wa Lubumbashi ambaye wimbo wake "Tia" ulivuma mpaka ukachezwa mbali na kwetu. Mmoja alisema: "Akitoa albamu na haina kama 'Tia', njo mwisho yake." Mwenzake akajibu: "Muache kwanza atoe." Wakacheka, wakaondoka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka mwezi wa saba mwaka 2017, nikaona ni heri niwasimulie kabla hatujarudia kosa lile lile.

Mwaka ule nilikuwa na kibanda kidogo cha kuchaji simu. Juu ya bati kulikuwa na pano mbili za jua, ndani betri mbili za gari, kompyuta moja ya zamani, na bafle moja niliyoinunua Likasi. Watu walileta simu asubuhi, walizichukua jioni. Na wakati simu inachaji, niliwatilia nyimbo kwenye kadi memori. Nyimbo kumi kwa franka 500. Mchimbaji anayekwenda kulala siku nyingi kwenye machimbo ya kasiterite alitaka kadi yake ijae. Huko hakuna redio inayosikika vizuri, hakuna intaneti. Nyimbo zilizo ndani ya simu ndizo rafiki yake mpaka atakaporudi.

Kwa hiyo katika mtaa wetu mimi nilikuwa kama redio. Nilichokitia ndicho watu walichokisikia, na nikisema wimbo ni mbaya, wengi hawakuununua. Wakati ule nilikuwa najivunia jambo hilo.

Albamu iliyoniletea feza kuliko zote ilikuwa "Power Kosa Leka" ya Fally Ipupa, iliyotoka mwaka 2013. Miaka minne nzima watu waliomba hiyo hiyo. Walijua wapi gitaa ya solo inaingia, wapi atalaku anaanza kupiga kelele, wapi mtu aweke chupa yake chini asimame. Kwenye nganda ya karibu na kibanda changu, mwenyewe aliniambia kwamba nyimbo zile zilimuuzia bia kuliko rangi aliyopaka ukutani. Fally tulikuwa tumemfuata tangu "Droit Chemin" ya 2006, alipotoka kwa Koffi Olomide na Quartier Latin, halafu "Arsenal de belles mélodies" ya 2009. Tulimhesabu kama mtu wetu, ingawa hajawahi kutujua.

Basi ikasemwa kwamba albamu mpya inakuja. Tulikuwa tayari tumesikia "Kiname" aliyoimba na Booba mwaka 2016, na "Eloko Oyo" ya 2017, ile iliyotoka kwenye wimbo wa asili wa Wamongo. "Eloko Oyo" ilipendwa hata na watoto wa shule. Kila mtu alisema: kama hiyo ni moja tu, albamu nzima itakuwa moto.

"Tokooos" ilitoka tarehe 7 Julai 2017. Kwetu ilifika siku nyingi baadaye, ndani ya flashi, mfukoni mwa dereva wa kamiyo aliyetoka Lubumbashi kupitia Likasi. Ilikuwa kiangazi, barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Nilimlipa dereva, nikaifungua flashi pale pale, nikaweka bafle nje ya mlango. Watu walikuwa wananingojea. Nafikiri walikuwa zaidi ya ishirini.

Wimbo wa kwanza ulipita, watu wakanyamaza. Wa pili ukapita, wakatazamana. Wa tatu ulipokuwa unaimba, mwenye nganda aliuliza kwa sauti: "Sebene iko wapi?" Nikamwambia angoje. Tukangoja. Nyimbo zilikuwa fupi, zikaisha moja baada ya nyingine, na gitaa haikuja kama tulivyoizoea. Badala yake kulikuwa na sinte, kile kinanda cha umeme, na ngoma za mashine. Kulikuwa na Kifaransa kingi, na wageni: R. Kelly wa Marekani kwenye "Nidja", Aya Nakamura wa Ufaransa kwenye "Bad Boy".

Maoni yalianza kumwagika. Nayaandika kama nilivyoyasikia, bila majina.

Mwenye nganda: "Ule muntu alikwendaka Poto, hakurudiake. Hii njo muziki ya bazungu. Nani atakunywa bia na hii?"

Mchimbaji mmoja aliyekuwa amekwisha kulipa: "Unirudishie feza zangu, untilie 'Power'."

Mwalimu wa sekondari alisema kwa upole zaidi. Alisema kijana amefanya kazi safi, lakini ameifanya kwa ajili ya watu wengine. "Ukisikiliza, unaona kwamba anazungumza na mtu aliyesimama nyuma yetu, si na sisi."

Mzee mmoja, fundi wa redio tangu zamani, alikuwa amekaa kwenye kiti chake bila kusema neno. Nilipomuuliza, "Papa, weye unaseme nini?" alijibu: "Mwenda wa Bayeke alikuwa na gitaa moja tu, na Katanga yote ilicheza. Huyu ana mashine zote, na mimi bado nimekaa." Watu wakacheka sana.

Mama mmoja tu ndiye aliyetupinga, yule aliyekuwa akiuza sombe kando ya njia. Alisema: "Munalia juu ya Kifaransa. Lingala munaisikiaka? Kwetu tunasema Kiswahili na Kiluba. Fally hakuimbaka mu luga yetu hata siku moya. Sasa leo shida iko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tulifanya kama hatukusikia.

Kisha wakanigeukia mimi. Redio ya mtaa iliulizwa hukumu yake. Nilichukua chaki, nikaandika kwenye ubao wa kibanda: "TOKOOOS imefika. Haina sebene. POWER bado iko." Watu wakapiga makofi. Nilimrudishia mchimbaji franka zake, nikamtilia "Power" kwa mara ya pili.

Sasa niwaambie juu ya mdogo wangu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka kufanya mtihani wa diplome ya Serikali, anangoja matokeo. Alikuwa anapiga sinte kwenye korali ya parokia. Sinte yenyewe ilikuwa ndogo, ya betri, na funguo mbili zilikuwa zimekufa. Siku ile ya bafle alikuwepo, amesimama nyuma kabisa. Jioni alikuja kibandani, akaniomba ile flashi. Nikamwambia: "Ya nini? Umesikia batu banasema nini." Akasema: "Yaya, unipe tu." Nikampa.

Alikaa na ile albamu usiku baada ya usiku. Alikuwa na vipokea-sauti vya masikioni, vile vya bei ndogo, akilala navyo. Baada ya siku chache nilianza kumsikia akitafuta sauti zile kwenye sinte yake: zile zinazokaa chini ya wimbo kama ukungu wa asubuhi, zisizofanya kelele, lakini ukizitoa wimbo unabaki uchi. Akazipata. Akatunga njia mpya ya kupiga wimbo mmoja wa sadaka, polepole, na ngoma ya mashine ndani yake.

Siku ya mazoezi akaupiga mbele ya korali. Vijana walipenda, wakubwa wa korali walikataa. Walisema ameleta muziki wa nganda ndani ya kanisa. Yeye akawajibu kwamba hata kwenye nganda wameukataa, kwa hiyo si wa nganda. Jibu lilikuwa zuri, lakini wakubwa hawakulipenda.

Wakaniita mimi, kaka yake, na mtu wa muziki wa mtaa. Waliniuliza mbele yake: huu ni muziki wa namna gani? Ningeweza kusema: ni mtoto anajifunza, mumuache. Ningeweza kusema: sijausikiliza vizuri. Lakini kulikuwa na watu, na ubao wangu ulikuwa bado na ile chaki. Nikasema: "Ni ile ya Fally. Ile ambayo batu balikataa." Nikaongeza maneno ya kuchekesha juu ya funguo mbili zilizokufa. Watu wakacheka. Mdogo wangu alikunja waya ya sinte polepole, akaitia ndani ya mfuko, akatoka.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, alikuwa amefaulu. Akamwaga Mama, akapanda kamiyo kwenda Lubumbashi. Mimi hakuniaga. Mwaka mmoja na zaidi, alipopiga simu aliomba kusema na Mama. Mama alipoleta simu karibu nami, laini ilikuwa imekatika. Mara ya kwanza nilifikiri ni mtandao.

Mwishoni mwa mwaka 2018 nilishuka Lubumbashi kununua betri mpya. Mama alikuwa amenipa mfuko wa unga wa mihogo na kuniambia: "Usirudie hapa kama hujamuona." Nilimpata Katuba, kwenye chumba alichopanga na wenzake wawili. Alikuwa anapiga sinte kwenye korali mbili na kwenye harusi siku za Jumamosi. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa anakula kwa kazi ya vidole vyake.

Majuma hayo Lubumbashi nzima ilikuwa inazungumza juu ya "Control", albamu mpya ya Fally, ndefu, yenye rumba na sebene tele. Kwenye kila basi walisema: "Fally alisha kurudia!" Nilifikiri hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, nikamwambia mdogo wangu: "Umeona? Amerudi. Tulisema kweli."

Hakukasirika. Aliniuliza: "Yaya, 'Tokooos' weye uliisikilizaka na bafle gani?"

Nikamwambia anaijua, ile ya kibandani.

Akawasha bafle ya wenzake, kubwa, yenye mdomo mpana wa kutoa besi. Akaweka wimbo mmoja wa "Tokooos" kutoka kwenye kompyuta yake. Wasomaji wangu, sitaki kutia chumvi. Nilidhani ni wimbo mwingine. Chini kulikuwa na besi inayotembea kama mtu mzito juu ya mbao, ikisukuma maneno. Ngoma ya mashine niliyoiona kama kijiti juu ya kopo ilikuwa na tumbo. Kati ya besi na sauti ya Fally, sinte ilikuwa imetandikwa kama shuka. Ilikuwa tele. Niliyoisikia Mitwaba ilikuwa mifupa yake tu.

Mdogo wangu alinielezea kama fundi. Gitaa ya sebene inaishi juu, kwenye sauti nyembamba. Bafle ndogo, hata simu, inaweza kuitoa. Ndiyo sababu "Power" ilisikika vizuri kila mahali. Lakini muziki wa sinte umejengwa kuanzia chini. Besi yake na ngoma yake ziko kwenye mitetemo isiyofika 100 kwa sekunde, na bafle ya mkononi haiwezi kutoa vizuri hata 200. Inazitupa. Mtu anabaki anasikia ukuta usio na msingi, halafu anamlaumu mwashi.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilisema akitazama chini. "Tena weye ulikuwa unazikamulaka."

Ni kweli. Kadi za watu zilikuwa ndogo, na mimi nilitaka nyimbo nyingi ziingie. Kwa hiyo kila wimbo niliupunguza kwenye kompyuta, mpaka kilobiti 64. Ukifanya hivyo unakata sauti za juu kabisa, zile zinazong'aa, na zile zinazoning'inia kama ukungu zinageuka kuwa kama mtu anayesema ndani ya maji. Sebene inavumilia kidogo, sinte haivumilii. Kumbe bafle yangu ilikata chini, kompyuta yangu ikakata juu, halafu nikasimama na chaki nikaandika kwamba albamu haina kitu.

Nilimwomba msamaha usiku ule. Sikujua maneno ya kutumia, nikasema tu: "Ile siku ya korali, nilifanya vibaya." Akasema: "Njo vile." Halafu akapika bukari, tukala na ndakala alizonunua mwenyewe. Nilikuwa mgeni wake.

Tuliendelea kuzungumza mpaka usiku, na alinikumbusha kwamba ugomvi huu si mpya. Papa Wemba alikuwa amewahi kuupitia. Mwaka 1995 alitoa "Emotion" kwenye kampuni ya Real World ya Uingereza, na aliyeitengeneza alikuwa Stephen Hague, mtu aliyefanya kazi na Pet Shop Boys na New Order, mabingwa wa sinte wa kule. Nyimbo zilikuwa fupi, safi, na moja ilikuwa ya Otis Redding wa Marekani. Wapenzi wa Viva la Musica waliotaka cheche za Kinshasa hawakuzipata humo. Lakini ndani ya albamu hiyo hiyo kuna "Yolele", na leo watu wanausikiliza kwa heshima. Papa Wemba hakuacha kikundi chake cha nyumbani. Alikuwa anapika kwenye vyungu viwili, kimoja cha wageni na kimoja cha nyumbani, mpaka alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016.

"Fally anafanyaka vile vile," mdogo wangu alisema. "'Tokooos' ya bageni, 'Control' ya nyumbani. Hakurudie, juu hakuendake." Na miaka iliyofuata ilimpa haki: Desemba 2020 ilitoka "Tokooos II", na Desemba 2022 ikatoka "Formule 7". Nyungu ni mbili, mpishi ni mmoja.

Lakini ngojeni. Sitaki mfikiri kwamba nimewaandikia ili kusema wasikilizaji wa Mitwaba walikuwa wajinga. Hapana. Na hilo nalo nililijua kwa kupima.

Mwezi wa saba 2019 mdogo wangu alikuja kumsalimia Mama. Alikuja na bafle nzuri juu ya kamiyo, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto. Tuliiweka kwenye ua wetu, tukaazima grupu ya jirani, na tukawaalika watu wale wale wa mwaka 2017, kadiri tulivyowapata. Mama alitengeneza munkoyo. Hatukusema tutacheza nini. Tukaiweka "Tokooos", bila kukamulwa.

Maoni ya mara ya pili yalikuwa haya.

Mchimbaji aliyerudishiwa feza zake alisimama kabla ya wimbo wa pili kuisha. Alisema: "Hii haiko ile ya siku ile." Nilimwambia ni ile ile. Hakuamini. Aliomba atiliwe kwenye simu. Nilimuonya kwamba kwenye simu itakuwa kama zamani. Akasema hapana shida, sasa anajua kinachokosekana, atakijaza mwenyewe kichwani.

Mwenye nganda alisikiliza kwa makini, akasema ni nzuri kuliko alivyofikiri, lakini kwake haiwezi kufanya kazi. "Batu bangu banataka kucheza dakika kumi. Hii inakwisha wakati muntu anafungula chupa." Hilo si kosa la bafle. Ni neno la kweli la mtu anayejua kazi yake.

Mwalimu hakubadili neno lake hata moja. Alisema: "Sasa nasikia vizuri zaidi kwamba anazungumza na mtu aliye nyuma yetu." Tukacheka, lakini nilimpa haki. Bafle nzuri haiwezi kubadili anayesemeshwa.

Mama wa sombe alicheza. Hakusema kitu, na hakukuwa na haja.

Na mzee fundi wa redio? Tulimsogezea kiti karibu. Alisikiliza nyimbo tatu macho yamefumbwa. Halafu akatusimulia kwamba baba yake alimpiga alipokuwa kijana, kwa sababu ya gitaa za umeme. Baba yake alikuwa mtu wa gitaa kavu, ya Mwenda, na alisema gitaa ya waya ni kelele za stima. "Nilikuwa nasema: Baba ni mzee, hasikie. Leo mimi njo mzee." Tukamuuliza kama basi ameipenda. Akasema: "Hapana. Lakini sasa ninaikataa na masikio yangu mwenyewe. Ile siku nilikataa na yenu."

Neno hilo sijalisahau. Nadhani ndilo lililonifanya niandike leo.

Msikilizaji ana haki ya kukataa. Alingoja miaka minne, alilipa franka zake, alijaza kadi yake. Albamu iliyovuma inafanana na deni: mwimbaji alitupa furaha, sisi tunadhani ameahidi kutupa nyingine ya namna ile ile. Yeye hakuahidi. Lakini sisi pia si wezi tukisema, "Hii hainiingii." Mwenye nganda alikuwa na sababu. Mwalimu alikuwa na sababu. Mzee alikuwa na sababu, na alikuwa na adabu ya kusikiliza mara ya pili kabla ya kuisema.

Kosa ni kukataa kwa mdomo wa mwingine, au kwa bafle mbovu, au kwa sababu watu wamesimama wanakutazama. Kosa langu lilikuwa na yote matatu. Fally Ipupa halikumgusa. Yeye yuko Kinshasa na Paris, hajui kibanda changu. Maneno yangu yalipita juu yake yakamwangukia mtoto aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, mwenye sinte ya funguo mbili zilizokufa. Hukumu za muziki mara nyingi ziko hivyo. Tunamtupia mkubwa jiwe, linampata mdogo aliye karibu, yule aliyependa kitu tunachokidharau.

Mdogo wangu bado yuko Lubumbashi. Ana sinte nzuri sasa, funguo zote zinaitika. Mwaka jana korali yetu ilimwomba awafundishe kwa majuma mawili, na alikuja. Wimbo ule wa sadaka, walioukataa, sasa wanaupiga Jumapili. Hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kukataliwa, ila mimi na yeye. Hatusemi.

Kwa hiyo, nyie vijana wawili wa sokoni, kama mnasoma hapa: RJ Kanierra ni mtoto wa kwetu Katanga, na jina la wimbo wake ni neno ambalo mama zetu wanalisema jikoni kila siku. Tia chumvi, tia maji. Hatuna wengi kama yeye waliofika mbali hivyo. Kesho atatoa nyingine, na inawezekana isifanane na "Tia". Inawezekana iwe na sinte nyingi, au Kifaransa kingi, au wageni tusiowajua. Inawezekana pia iwe mbaya kweli. Yote yanawezekana.

Mkiipata, muisikilize mara tatu. Mara moja kwenye simu, mara moja kwenye bafle yenye besi, na mara moja peke yenu, bila mtu wa kucheka naye. Halafu mkisema haiko nzuri, nitawaandikia hapa maneno yenu kama mlivyoyasema.

Kibanda changu bado kipo. Ubao upo pia, lakini siandiki tena hukumu. Naandika jina la albamu na bei. Na nyimbo sizikamuli tena, hata kama zinaingia chache. Mtu akilalamika kwamba kadi imejaa haraka, namwambia alete kadi kubwa.

Mwandishi wenu, Mitwaba.